Orodha ya kooperative ikivuja: tulinde jina letu, tulinde kredi yetu



Katika kurasa hizi tumezoea kuongea juu ya mbegu, mbolea na magonjwa ya mimea. Leo tutaongea juu ya karatasi. Tafazali, musigeuze ukurasa mbio. Karatasi inaweza kukunyima mbegu za msimu A sawa vile mvua iliyochelewa, na tumeiona kwa macho yetu.

Mama mmoja, mwanamemba wa kooperative ya kahawa kando ya ziwa Kivu, alishuka mwezi wa nane kuomba kredi ya mbegu za maharagi na mbolea. Hakwenda peke yake. Alikuwa na kikundi chake cha watu watano, wale wanaojibu mmoja kwa mwenzake kama deni halijalipwa. Mwenye kazi ya kredi akafungua ordinateri, akatafuta jina, akanyamaza kidogo. Kisha akasema:

— Mama, wewe uko na deni kwetu tangu mwezi wa tano. Dola 200. Haujalipa hata franka moja.

— Deni gani, baba? Mimi sijakanyaga hapa siku hata moja.

Wakamwonyesha faili. Ndani kulikuwa fotokopi ya karte yake ya elekta: picha ni yake, namba ni yake, kijiji ni chake. Chini ya mkataba kulikuwa sinyatire nzuri, yenye kupinda sawa ya mwalimu. Lakini huyu mama hajui kuandika. Tangu aingie kooperative, kila karatasi anatia kidole.

Ile sinyatire ndiyo iliyomwokoa mwishoni, tutarudi kwake. Ila mbele ya mambo kumalizika, mvua ya mwezi wa tisa ilikuwa imekwisha kuanguka. Kikundi kizima kilinyimwa kredi, wote watano, juu ya jina la mmoja. Walipanda wakiwa wamechelewa, na mbegu walizookota sokoni bila kujua zilitoka wapi. Munajua wenyewe mavuno ya namna ile.

Namna gani karte yake ilifika mikononi mwa wengine

Mwezi wa nne, sekretere wa kooperative alipeleka orodha ya wanamemba kwa mwenye fotokopi, kwenye kle USB. Katika ile orodha kulikuwa majina yote, namba za telefone, namba za karte, hesabu ya miti ya kahawa ya kila mmoja, na picha za karte zilizopigwa kwa telefone. Umeme ulikatika, akaacha kle pale siku mbili. Aliporudi akapewa kle yake na makaratasi yake, akalipa, akapanda mlima. Lakini kitu kilichotiwa katika ordinateri ya wengine hakirudi nyumbani kwa sababu kle imerudi.

Nyuma ya wiki mbili, wanamemba wakaanza kupigiwa simu na watu wasiowajua. “Sisi ni wa projet, mbegu zenu zimefika, tupe ile kode iliyoingia katika telefone yako.” Wengine walitoa. Pesa za kahawa zikatoka katika M-Pesa na Airtel Money zao.

Jambo lenye kutuuma zaidi ni hili: komite ilijua. Sekretere alieleza prezida, prezida akaeleza muhasibu. Wakapatana kunyamaza, kwa kuwa mkutano mkuu ulikuwa karibu na waliogopa watu kukasirika. Tangu mwezi wa nne hadi wa nane walinyamaza. Mkopo wa uongo ulichukuliwa katikati ya ile miezi. Kama wangetoa habari siku ya kwanza, huyu mama angepita kwenye nyumba ya kredi mbele ya mwizi.

Ni sawa na mnyauko wa migomba, ule tunaita BXW. Mulimaji anayeona mgomba mmoja umenyauka, akauficha juu ya haya, anaendelea kutumia panga lile lile, na jirani anaazima panga. Mwishowe mlima wote hauna ndizi. Yule anayeita majirani siku ile ile, akakata shina lenye ugonjwa, akapitisha panga kwenye moto, anaokoa shamba lake na la wenzake. Orodha iliyovuja inatunzwa namna ile ile: kusema mbio, kukata, kusafisha.

Haya hufika hata kwa wakubwa. Mwezi wa kwanza 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, ile tunayoiita CICR, ilitangaza kwamba wezi wa intaneti waliingia katika ordinateri zenye habari za watu zaidi ya 515 000. Wengi wao walikuwa watu waliopotezana na jamaa zao juu ya vita, misiba ao safari. CICR walizima zile ordinateri na kusema wazi mbele ya dunia yote. Kama shirika la namna ile liliweza kuibiwa na likasema, komite ya kijiji haina sababu ya kuona haya.

Kila habari inafungua mlango gani

Inafaa kujua mwizi anaweza kufanya nini na kila kitu kilicho katika daftari yetu.

Jina na namba ya telefone: anakupigia akijifanya mtu wa projet, wa kampuni ya telefone ao wa kooperative. Kwa sababu anajua jina lako, kijiji chako na hesabu ya miti yako, unamwamini.

Kopi ya karte: anaweza kuandikisha namba ya telefone kwa jina lako, ao kufungua kredi. Kwetu Congo karte ya elekta ndiyo imekuwa kitambulisho cha wengi, basi kopi yake ina nguvu. Na munakumbuka karte za 2023: nyingi zilifutika maandishi. Watu wengi wakazipiga picha kwa telefone mbele hazijafutika kabisa, wakatumia picha ile kila mahali. Leo hatujui picha zile ziko katika telefone za nani.

Sinyatire yako kwenye orodha ya mikutano: mwizi anaweza kuiiga.

Kode ya siri ya pesa za telefone: hii haipashwe kuwa katika orodha yoyote. Kama komite yenu inaandika kode za wanamemba “ili kuwasaidia wazee”, muifute leo, na wazee wabadilishe kode zao.

Siku ya kwanza: kazi ya komite

Mara tu munapojua kwamba daftari, kle USB, telefone ya sekretere ao ordinateri imepotea ao imepita mikononi mwa wengine, musingoje mkutano wa mwezi.

1. Muandike katika daftari la komite: kitu gani kimepotea, siku gani, saa gani, na kilikuwa na habari gani za nani.

2. Mutume habari kwa wanamemba wote siku ile ile: kwa simu, kwa wakubwa wa vikundi, kwenye stasyo ya kuoshea kahawa, kanisani na muskitini. Maneno yawe mafupi: “Orodha yetu imevuja. Mtu yeyote akiwapigia simu juu ya mbegu ao pesa, musimpe kode. Mubadilishe kode zenu.”

3. Muende na barua kwa kila nyumba ya kredi iliyo karibu: KOPEC, banki, kampuni ya mikopo midogo, pia wauzaji wa mbegu na mbolea wanaotoa kwa deni. Muwaombe wasikubali mkopo kwa jina la mwanamemba wenu bila yeye mwenyewe kufika na karte yenyewe, pamoja na mtu mmoja wa komite. Waambieni wakubwa wa AVEC na MUSO vilevile.

4. Muende kwa polisi, kwa OPJ, kuandikisha mashtaka, na muombe kopi. Karatasi ile yenye tarehe itakuwa shahidi wenu kesho.

Tunarudilia hii juu ya tarehe, kwani ndiyo mafuta ya taa yote. Mkopo wa uongo ukichukuliwa nyuma ya barua yenu kupokelewa, nyumba ya kredi itashindwa kusema haikujua. Basi kila barua mupeleke kopi mbili: moja inabaki kwao, ya pili inarudi kwenu na kashe, tarehe na jina la aliyeipokea.

Siku zinazofuata: kazi ya kila mwanamemba

Badilisha kode yako ya siri. Usitie mwaka wa kuzaliwa, kwa kuwa umeandikwa kwenye karte. Usitie 1234 wala 0000. Kama haujui kuibadilisha, mtoto wako ao mtu wako wa nyumbani akusaidie, lakini usimwachie mwenye kabine.

Kode inayoingia kwa mesaji bila wewe kuiomba, usimsomee mtu yeyote. Hata akisema yeye ni prezida. Hata akisema ni sisi. Agronomu wetu hataomba kode yako hata siku moja, na ukisikia mtu anaiomba kwa jina letu, jua ni mwizi.

Angalia rezo yako. Kama telefone yako imepoteza rezo nusu siku, na jirani mwenye kampuni ile ile anapiga simu vizuri, usiseme tu “rezo ni mbaya”. Inawezekana mtu amechukua namba yako kwenye karte sim nyingine. Azima telefone, piga kwa kampuni, omba wafunge konte yako ya pesa, kisha uende kwenye ofisi yao na karte yako.

Ukifika kwenye ofisi ya kampuni ya telefone, omba wakuangalizie namba gani zimeandikishwa kwa jina lako. Kama kuko namba usiyoijua, omba waifunge na wakupe karatasi.

Pita mwenyewe kwenye nyumba za kredi, mbele ya msimu kuanza. Usingoje siku ya kuomba mbegu. Uliza: “Jina langu liko na deni hapa?” Mabenki na nyumba za mikopo zilizo chini ya Banki Kuu ya Congo zina mahali pa kutangaza wakopaji, panaitwa Centrale des Risques. Maana yake deni la uongo katika nyumba moja linaweza kukufuata katika nyumba nyingine. Ni vizuri kulikuta lingali dogo.

Barua munayoweza kuandika

Kwa wale wanaouliza namna ya kuandika, hii ni mfano. Muinakili kwa mkono, haiombi ordinateri.

“Bwana ao Bibi Mkubwa wa (jina la nyumba ya kredi). Mimi (jina), mwanamemba wa kooperative (jina), wa kijiji cha (jina), nawajulisha kwamba kopi ya karte yangu ya elekta ilitoka mikononi mwa kooperative tarehe (siku). Hadi leo sina mkopo kwenu [ao: mkopo wangu kwenu ni huu tu, wa tarehe fulani]. Nawaomba musitoe mkopo kwa jina langu bila mimi mwenyewe kuwa mbele yenu na karte yangu, pamoja na mtu wa komite. Natia (sinyatire / kidole cha gumba). Tarehe.”

Kama unatia kidole, andikisha wazi katika barua: “Mimi siandiki, ninatia kidole.” Neno hili dogo linafunga mlango mkubwa.

Kama deni la uongo limekwisha kuwa pale

Sasa turudi kwa ule mama. Siku ile alilia, kisha akataka kulipa. Alisema: “Nitauza mbuzi, nitoe dola 50 ya kwanza, ili watuachie amani.” Huruma tulikuwa nayo, lakini tulimzuia. Usilipe hata kidogo deni usilolichukua. Ukilipa sehemu, kesho watasema ulikubali kwamba ni lako.

Alifanya hivi, na wewe unaweza kufuata njia yake.

Aliomba kopi ya mkataba wote, na tarehe. Hakurudi nyumbani na maneno ya mdomo.

Alilinganisha. Mkataba ulikuwa na sinyatire, yeye anatia kidole. Namba ya telefone iliyoandikwa pale haikuwa yake. Na kwa tarehe ya mkataba, karne yake ya kooperative ilionyesha kwamba asubuhi ile alipeleka kahawa yake kwenye stasyo: kilo ziliandikwa, muhasibu wa stasyo alitia jina. Ni ile karne aliyoitunza ndani ya mfuko wa plastiki, juu ya kitanda, tangu mwaka alipoingia.

Alikwenda kwa OPJ na mtu mmoja wa komite, akaandikisha mashtaka juu ya mtu asiyejulikana. Akarudisha kwa nyumba ya kredi kopi ya mashtaka, kopi ya karne, na barua ya kooperative inayosema yeye anatia kidole siku zote. Komite iliandika barua ile na ilikubali ndani yake kwamba orodha ilivuja mwezi wa nne. Haikuwa rahisi kwao, lakini bila mstari ule, faili lisingesimama.

Nyumba ya kredi ilifuta deni na kumpa karatasi inayosema hana deni. Omba karatasi hiyo wewe pia. Kama wamekwisha kulitangaza deni mahali pengine, waombe kwa barua walitangaze kuwa limefutwa. Na kama nyumba ya kredi inakataa kusikiliza, kumbukeni kwamba KOPEC na kampuni za mikopo midogo zinafanya kazi chini ya ulinzi wa Banki Kuu ya Congo. Munaweza kuandika huko, na kopi za makaratasi yenu yote.

Kuziba tundu kabla ya mvua

Daftari ya wanamemba hatuwezi kuiacha. Sheria ya OHADA juu ya kooperative inataka iwepo kwenye makao ya kooperative. Lakini kuwa na daftari si sawa na kuiacha mezani. Tangu tarehe 13 Machi 2023 nchi yetu iko pia na sheria ya mambo ya dijitali, Code du numérique, inayolinda habari za watu. Maana yake kwa kijiji ni rahisi: omba habari unayohitaji kwa kazi tu, na ukiisha kuichukua, wewe ndiye mlinzi wake.

Tunashauri mambo haya.

Wale walio katika AVEC wanajua kashi ya kufuli tatu, na funguo kwa watu watatu. Daftari ya wanamemba na kopi za karte ziingie katika sanduku la namna ile. Hapashwe mtu mmoja kuifungua peke yake.

Kila kopi ya karte iandikwe juu yake kwa biki, ikipita juu ya picha bila kufunika sura: “Kwa kooperative tu, kazi ya kahawa”, pamoja na tarehe. Kopi iliyoandikwa hivyo, mwizi akiipeleka kwenye nyumba ya kredi, inamsema yenyewe.

Kwa mwenye fotokopi, mtu wa komite asimame pale hadi mwisho, aone faili linafutwa katika ordinateri, na achukue pia makaratasi yaliyoharibika.

Picha za karte zisitembee katika kikundi cha WhatsApp. Zikiisha kutumika, zifutwe.

Orodha inayobandikwa ukutani siku ya kugawa mbegu iwe na jina na namba ya mwanamemba tu. Hakuna telefone, hakuna namba ya karte.

Ajenti ao sekretere anayeacha kazi, anarudisha daftari, kle na kopi zote mbele ya komite, na inaandikwa.

Na sisi pia

Hatuwezi kumaliza bila kusema kosa letu. Ni sisi, watu wa misaada, tunaofika kila msimu kuomba orodha: mara moja kwa mbegu, mara ya pili kwa mafunzo, mara ya tatu kwa mwenye kuja kuhakikisha. Tunaomba namba ya karte hata pale jina na kijiji vingetosha. Ile kle USB ya mwezi wa nne, ilikuwa inajazwa kwa sababu tuliomba orodha mbio, ifike mbele ya ijumaa.

Tangu sasa, kwa kugawa mbegu tutaomba jina, kijiji na eneo la shamba tu. Kama agronomu wetu anaomba zaidi, mumuulize: “Ni kwa kazi gani, na itatunzwa wapi?” Kama hana jibu, musimpe. Hatutakasirika.

Kwenye mkutano wenu unaokuja, tafazali mutie jambo hili mbele ya “mengineyo”. Muulize komite swali moja: daftari yetu iko wapi usiku huu, na nani ana ufunguo? Kama watu watatu wanatoa majibu matatu, muanze kazi kesho asubuhi, mbele ya msimu kuwakuta.

Ule mama, msimu B alipata kredi yake. Alifika na karne ndani ya plastiki na ile karatasi ya kutokuwa na deni. Mwenye kazi alipomwonyesha mahali pa kusinye, mama akacheka, akanyoosha kidole gumba, akasema: “Baba, leta wino.”